Sweta Bila Kondoo: Nchi Ndogo katika Mitandao ya Uzalishaji wa Dunia



Mwaka 1961 mchumi Mwingereza James Meade, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobeli, aliitazama Morisi akaihofia: kisiwa cha miwa, watu wanaongezeka kwa kasi, ajira haba. Kufikia miaka ya 1980 kisiwa hicho kilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa sweta za sufu duniani, na kondoo wa maana hakina.

Tuitazame sweta yenyewe. Sufu hutoka Australia, ikasokotwa uzi na kutiwa rangi, kisha mashine hufuma vipande: mgongo, kifua, mikono. Kuunga kola ndiyo kazi inayochosha macho. Fundi, mara nyingi mwanamke kijana, hupachika kitanzi kimoja kimoja kwenye sindano za mashine ya duara. Akiruka kimoja, kola hufumuka ikiwa tayari imeshavaliwa Paris. Mtindo umebuniwa Ulaya, na sehemu nono ya bei hubaki huko, kwa mwenye nembo na mwenye duka. Morisi iliuza hatua za katikati.

Iliingiaje humo? Sheria yake ya 1970 iliviondolea ushuru wa malighafi viwanda vinavyouza nje. Mwaka 1974 mkataba wa biashara ya nguo ukaziwekea sehemu kama Hong Kong ukomo wa mauzo katika masoko ya matajiri, na wenye viwanda wakaanza kutafuta pa kuhamia. Mkataba wa Lomé wa 1975 ukaifungulia Morisi soko la Ulaya.

Milango kama hiyo wengine nao waliipata. Kilichoitofautisha Morisi, kwa maoni yangu, ni fedha za sukari. Bei ilipopaa katikati ya miaka ya 1970, wenye mashamba ya miwa waliingiza sehemu ya faida yao kwenye nguo, wakashirikiana na wageni na kujifunza yasiyoonekana kiwandani: kumpata mnunuzi, kupanga oda, kulinda ubora. Ukomo ule ulipofutwa tarehe 1 Januari 2005, wawekezaji wengi wa Hong Kong walikuwa wameondoka au wakiondoka, na maelfu ya ajira zikapotea. Kampuni za wenyeji zilibaki. Kazi za ujira mdogo zilikwisha kuzipeleka Madagaska. Usanifu na mazungumzo na wanunuzi vikabaki nyumbani.

Madagaska ikaonja uchungu wa kuwa mwisho wa mnyororo. Baada ya mapinduzi ya 2009, Marekani iliiondoa kwenye AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, kuanzia Januari 2010, na washonaji wa Antananarivo wakapoteza kazi kwa ugomvi usio wao.

Sisi wa Afrika Mashariki nasi tumo. Athi River, nchini Kenya, kitambaa kutoka Asia hukatwa, hushonwa, kikapitia Mombasa kwenda Marekani. Takwimu za mauzo ya nje huihesabu suruali nzima, pamoja na kitambaa na zipu tulizonunua. Ajira zile ni za kweli, zinalisha watoto, na sizibezi. Ninaziomba ofisi zetu za takwimu, Nairobi na Dodoma, zichapishe kila mwaka, kwa kila sekta, thamani inayobaki nchini. Na wizara za viwanda, kabla ya kutia saini msamaha wa kodi, ziulize: mwekezaji huyu akiondoka, ni nani hapa atakayejua kumpata mnunuzi?