Mbwa katika nyumba ya kupanga: omba ruhusa kwanza

Mpangaji anayetaka kufuga mbwa amwombe mwenye nyumba kabla ya kumleta, na ruhusa iandikwe kwenye mkataba. Huenda ukasema: kodi nalipa, ruhusa ya nini? Kodi inakupa haki ya kukaa. Ua na kisima mnavyochangia na majirani ni amana ya wote. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafi, chombo alichoramba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa hiyo jirani anayetandika msala barazani ana haki ya kujua mapema.

Lakini mwenye nyumba naye asikatae kwa mazoea tu. Dini hiyohiyo imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Basi mzungumze juu ya kazi yake na mahali atakapolala. Hofu ya kichaa cha mbwa ina msingi: kisiwani Pemba ugonjwa ulikatika 2014, ukarudi 2016 baada ya kuingizwa kutoka nje, ukakomeshwa tena kwa kuchanja mbwa. Hapo ndipo penye jibu. Mbwa anayefichwa hafikishwi kwenye chanjo, anayejulikana huchanjwa. Kwa hiyo nenda na kadi ya chanjo mkononi, onyesha mahali banda litakapokaa, mbali na kisima, na ahidi kutengeneza kitakachoharibika. Ukikataliwa, kubali. Nyumba ni ya mwenyewe, na ujirani mwema ni wa sote.