Nchi Jirani: Vidonge vya Tezi Dume na Ini la Askari

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi askari wa jeshi na wa polisi mlioko makambini na vituoni,

Jirani zetu wa Uganda wanalo daftari la saratani lililofunguliwa Kampala katika miaka ya 1950. Machafuko ya miaka ya 1970 yalilivuruga, likafufuliwa baadaye, na sasa linaeleza jambo zito: saratani ya tezi dume imekuwa ya kwanza miongoni mwa wanaume wa nchi hiyo.

Tiba yake ina asili ya mwaka 1941, Charles Huggins wa Chicago alipoonyesha kwamba saratani hiyo hulishwa na homoni ya kiume, na ikinyimwa hunywea. Kwa kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Basi wagonjwa huondolewa korodani, ama hupewa sindano au vidonge. Lakini vidonge vina gharama yake mwilini. Katika miaka ya 1960 hospitali za askari wastaafu wa Marekani ziliwapa wagonjwa miligramu 5 za stilbestroli kila siku. Vifo vya saratani vikapungua, vya moyo na mishipa vikaongezeka. Walioufunulia ulimwengu hatari hiyo, ndugu zangu, walikuwa askari wa zamani, kama mtakavyokuwa ninyi.

Siproteroni ilikuja baadaye. Maelezo yake yenyewe yanaonya kwamba, ingawa ni nadra, uvimbe wa ini umeonekana kwa waliotumia: mwingine wa saratani, mwingine usio wa saratani lakini uwezao kumwaga damu tumboni na kuhatarisha maisha. Flutamidi nayo imepata kuharibu ini kiasi cha kuua. Na ini la mtu wa Afrika ya Mashariki mara nyingi limekwisha kubeba homa ya ini ya aina B, sumu ya ukungu wa mahindi na karanga, na, tusifichane, pombe ya mesi.

Hatusemi dawa zitupwe. Aziachaye bila daktari hujikabidhi kwa saratani. Hoja yetu ni upimaji. Damu ipimwe kuchungua ini kabla ya kuanza vidonge, na tena kila daktari anapoagiza. Lakini sajini akistaafu, faili lake hubaki kambini, naye huendelea kununua vidonge vilevile dukani mwaka hata mwaka, asipimwe na mtu. Faili hilo lifuatane naye hadi hospitali ya wilaya yake. Na akisikia maumivu chini ya mbavu za kulia, au macho yakawa manjano na mkojo mweusi kama chai ya rangi, aende hospitali siku hiyohiyo, na kopo la vidonge mkononi.