Maelezo Binafsi ya Mhasibu Anayeanza
(Mazungumzo na wanakisomo, Kirando)



Leo tunazungumza juu ya karatasi moja. Vijana wanaiita sivii. Matangazo ya kazi ya Serikali yanaiita maelezo binafsi. Wengi wenu mna kijana aliyesomea uhasibu, amerudi nyumbani, anatafuta nafasi ya kujifunza kazi. Mliuza dagaa na mihogo ili asome. Basi msimwachie karatasi hiyo peke yake. Mnajua kusoma, isomeni.

Mtasema, "Sisi uhasibu hatuujui." Mnaujua sana! Kikundi chenu cha kuweka na kukopa kina daftari la mapato na matumizi. Mtunza hazina akisema, "Fedha nimezitumia vizuri," ninyi mnamwuliza stakabadhi iko wapi. Mwulizeni kijana hivyo hivyo.

Kijana anaandika: "Mimi ni mchapakazi, mwaminifu na mwenye bidii." Haya, nani anakataa? Lakini hata mwizi huandika hivyo. Stakabadhi yake iko wapi?

Kumbe kijana huyo huyo alitunza daftari la mtumbwi wa mjomba wake miaka miwili. Hakuliandika, ati kwa sababu mtumbwi si ofisi. Hapo ndipo vijana wetu wanapojipunja. Aandike hivi:

"Kuanzia Januari 2023 hadi Desemba 2024 nilitunza daftari la mtumbwi mmoja wa kuvua dagaa. Niliandika mauzo ya kila siku, gharama za petroli na mgao wa wavuvi 6. Kila mwisho wa mwezi nililinganisha daftari na fedha iliyopo."

Meneja akisoma hayo anajua kijana huyu ameshika fedha za watu. Tena anaweza kumwuliza, "Mbona katikati ya mwaka 2024 hakuna mauzo?" Kijana atajibu mara moja: Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka ule. Mtu aliyejitungia kazi hiyo angebabaika.

Na miaka je? Kijana amemaliza chuo 2021, karatasi inaruka mpaka 2024. Pengo hilo linatia shaka kama daftari lililochanwa ukurasa. Kama alilima, aandike alilima.

Jambo jingine ni cheo. Wahasibu husajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, yaani NBAA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Aliyefaulu mitihani ya mwanzo ya ATEC aandike ATEC. Asijiite CPA. Jina hilo ni la waliofaulu mitihani ya juu na kusajiliwa na Bodi.

Halafu wadhamini. Matangazo ya Serikali hudai watatu wa kuaminika. Mwenyekiti wa kikundi aliyeliona daftari anafaa kuliko mjomba, maana mjomba atamsifu tu. Aombwe kwanza, na namba yake ya simu iwe inapatikana. (Siku hizi watu hubadilisha laini kama mashati!)

Basi leo jioni mwambieni alete karatasi pamoja na vyeti vyake. Mmoja asome karatasi kwa sauti, mwingine afuate tarehe na majina kwenye vyeti. Jina likipungua hata herufi moja, arekebishe kabla hajaituma.