Vikundi Vitatu, Mhasibu Mmoja: Namna ya Kushirikiana Kazi za Ofisi



Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kikundi cha kijamii kinaweza kuwa na viongozi waaminifu na kazi inayoonekana mashinani, kisha kikanyimwa ufadhili kwa sababu hesabu za mwaka hazijakaguliwa. Anayeumia hapo si mweka hazina. Ni mtoto, mgonjwa au mkulima aliyekuwa akingojea huduma.

Kazi za ofisi zimeongezeka. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ilipitishwa mwaka wa 2022. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka wa 2013 ilianza kutumika Mei 2024. Kikundi chenye wafanyakazi wa mshahara kinatakiwa kuwasilisha PAYE kwa KRA kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata kupita. Kuna pia NSSF, bima ya afya ya jamii ya asilimia 2.75 ya mshahara, na ada ya nyumba, ambapo mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 na mwajiri kuongeza kiasi hicho hicho. Kuchelewa huleta faini, na wafadhili wengi hawakubali fedha zao zilipe faini.

Kikundi kidogo hakina kazi ya kumtosha mhasibu mwezi mzima. Dawa yake ni kushirikiana. Chukulia vikundi vitatu katika wadi moja: kituo cha watoto, kikundi cha watu wenye ulemavu na kamati ya mradi wa maji. Kila kimoja kikiajiri karani wa hesabu kwa Sh30,000, vitatu vitatumia Sh90,000 kwa mwezi. Vikimwajiri mmoja mwenye ujuzi zaidi kwa Sh36,000, na kila kimoja kitoe Sh12,000, kila kikundi kitabaki na Sh18,000 kwa mwezi, yaani Sh216,000 kwa mwaka. Kwa kituo cha watoto, hizo ni fedha za unga, maziwa na karo.

Si mhasibu peke yake. Vikundi vinaweza kushirikiana chumba cha ofisi, intaneti, mashine ya fotokopi, mlinzi, na hata kutafuta mkaguzi wa hesabu kwa pamoja ili kupatana bei.

Lakini yako mambo yasiyochanganywa. Kila kikundi kibaki na akaunti yake ya benki, watia sahihi wake, vitabu vyake na kamati yake. Mhasibu wa pamoja aandike hesabu, asiwe mtia sahihi wa hundi wala mwenye nambari ya siri ya laini ya M-Pesa. Anayeandika fedha asiwe ndiye anayezitoa. Mhasibu mmoja akiteleza, vikundi vitatu huanguka pamoja. Kwa hivyo kila mweka hazina alinganishe daftari na taarifa ya benki kila mwezi, bila kungoja mwisho wa mwaka.

Kabla ya kuanza, muwe na mapatano yaliyoandikwa. Yataje kikundi kipi ndicho mwajiri kisheria, kwa maana ndicho kitakachokata na kuwasilisha makato. Yaseme gharama zitagawanywa vipi. Kugawa sawasawa ni rahisi, ila kikundi chenye wafanyakazi wanane kina kazi nyingi kuliko chenye wawili, na ni haki kichangie zaidi. Yaeleze pia kikundi kikitaka kujitoa kitatoa notisi ya muda gani, na kitakabidhiwaje vitabu vyake.

Ikiwa kuna mfadhili, aulizwe kwanza kama mkataba wake unaruhusu gharama za pamoja. Nazo kumbukumbu za wanaohudumiwa zilindwe, kama inavyotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019. Majina ya watoto na habari za afya za wanachama si za kusomwa na kila anayeingia ofisini.

Wapo wanaohofia kwamba kushirikiana ofisi ni kumezwa na kikundi kikubwa. Hofu hiyo ina msingi pale ambapo hakuna mapatano. Penye mapatano, kila kikundi huendelea kuamua mambo yake, na kinachoshirikiwa ni mzigo wa makaratasi.

Mwanzo si lazima uwe mkubwa. Kamati za vikundi jirani zikutane, kila moja ije na orodha ya inachotumia kwa mwezi katika kazi za ofisi. Vikundi vichague huduma moja, viijaribu kwa miezi sita, kisha viketi tena na kupima faida. Wanachama waelezwe matokeo kwenye mkutano, kwa takwimu, kwa kuwa fedha ni zao.