Sahani Tupu Si Maji Salama: Bakteria wa Kipindupindu na Upimaji wa Maji

Ikolojia ya vijidudu vya majini huchunguza jinsi vijidudu wanavyoishi mtoni, ziwani na baharini: wanakula nini, wanashikamana na nani, wanaongezeka lini. Hayo yanafahamika. Suala lisilokwisha ni upimaji.

Tangu Robert Koch alipomtambua bakteria wa kipindupindu katika miaka ya 1880, utaratibu wa maabara haujabadilika sana: sampuli hupakwa kwenye sahani yenye chakula cha bakteria, huachwa kwenye joto, kisha kilichoota huhesabiwa. Kisipoota kitu, fomu hujazwa "hayupo". Aliyeitilia shaka fomu hiyo ni Rita Colwell wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani. Katika miaka ya 1970 yeye na wenzake walimkuta bakteria huyo katika Ghuba ya Chesapeake, pasipokuwa na mlipuko wowote. Mwaka 1982 walieleza tabia yake: mazingira yakiwa magumu, bakteria husinyaa na kugoma kuota, lakini hafi. Akipakwa kingamwili zinazong'aa, huonekana wazi kwenye darubini. Sahani tupu, basi, huthibitisha tu kwamba siku hiyo hakuna kilichokubali kuota. Fomu yenye visanduku viwili, "yupo" na "hayupo", haina pa kuandika hilo, na mpimaji mwangalifu hulazimika kutia saini jambo asilolijua.

Isitoshe, bakteria huyu hushikamana na kopepodi, viumbe wadogo jamaa wa kamba na kaa. Mmoja huweza kubeba maelfu ya bakteria. Hapo ndipo kitambaa kilipopata kazi: kikimnasa kopepodi, kimenasa na mzigo wake. Huko Matlab, Bangladesh, wanawake wa vijijini walichuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa matabaka manne au zaidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003, kutoka vijiji 65, yalionyesha wagonjwa wa kipindupindu wakipungua kwa asilimia 48. Sari kuukuu ilifaa kuliko mpya, kwa kuwa nyuzi zilizolegezwa na kufuliwa hupunguza ukubwa wa matundu.

Wapo wanaopinga uzito wa hoja kwamba milipuko huanzia kwa bakteria walioko majini tayari. Uchambuzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba milipuko ya Afrika tangu 1970 ilitokana na aina zilizoingia mara kadhaa kutoka Asia, zikibebwa na watu. Pingamizi hilo ni la haki. Hata hivyo, anayechota maji mwaloni Kigoma haulizi bakteria alitoka bara gani, na sahani haimwambii kama amekwisha kufika.

Bila kuathiri miongozo iliyopo, inapendekezwa fomu za maabara ziwe na kisanduku cha tatu: "hakuota". Inapendekezwa sampuli za mialo ya Ziwa Tanganyika, ambako ugonjwa hurudi mara kwa mara, zipimwe pia kwa kingamwili au vinasaba, hata kama ni chache kwa sababu ya gharama. Inapendekezwa viumbe wadogo wa majini (planktoni), wakiwemo kopepodi, wachukuliwe pamoja na maji. Inapendekezwa tena, kwa kuwa pendekezo la aina hii huishia kabatini, kwamba sahani tupu isitumike peke yake kutangaza maji kuwa salama. Inapendekezwa kanga kuukuu ijaribiwe kwa utaratibu ule ule wa sari kabla ya kuhimizwa, na wakati huo kuchemsha maji na kutia klorini kuendelee kama kawaida.