Ambulensi Ikifika, Mlango Uwe Wazi

Haya ni mazungumzo ya mmoja wa waelimishaji wetu wa afya na wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wa shule moja ya Pwani ya Kenya, katika kipindi cha klabu ya afya. Tumeyachapa karibu kama alivyoyasema.

Kaeni, kaeni. Nimemsikia mtu huko nyuma akinong'ona, "Ambulensi? Mimi nilidhani ni mambo ya mapenzi." Mambo ya mapenzi nitakuja nayo siku nyingine, msijali. Leo nina jambo ambalo nimelibeba tangu mwaka 2020, na nyinyi mnafaa kulisikia kabla hamjawa wazazi.

Mwaka huo nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu. Korona ilipothibitishwa Kenya mwezi Machi, shule na vyuo vikafungwa, nami nikarudi nyumbani Likoni. Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza: saa moja usiku kila mtu awe ndani, mpaka saa kumi na moja alfajiri. Nyinyi mlikuwa bado shule ya msingi, lakini najua mnakumbuka.

Usiku mmoja, mamangu mdogo akashikwa na uchungu wa kuzaa. Ilikuwa kama saa tano. Nikakimbia kwa jirani mwenye tuktuk. Akanijibu kupitia dirishani, "Dadangu, polisi wako barabarani. Mimi siwezi." Tukapiga simu ya ambulensi. Msichana aliyepokea akaanza maswali: Kuna mtu anakohoa hapo nyumbani? Mgonjwa ana homa? Kuna aliyetoka safari? Nikamfokea. Nikamwambia, "Mtu anazaa, nawe waniuliza habari za kikohozi!"

Gari likafika baada ya karibu saa nzima. Wakashuka watu wawili, nguo nyeupe tupu kutoka kichwani hadi miguuni, miwani mikubwa, barakoa, glavu. Hata kama ni mwanamume au mwanamke hujui. Nyanya akaufunga mlango. Akasema, "Hao ni watu wa karantini. Wakimchukua, hatumwoni tena." Tukazozana. Wajomba huku, wanawake huku, mgonjwa yuko sakafuni. Zikaenda kama dakika ishirini hivi. Mimi ndiye msomi wa nyumba, lakini sikuwa na neno la kumwambia nyanya, maana kusema kweli na mimi niliogopa.

Mtoto alizaliwa hospitalini. Hakulia. Mamangu mdogo alipona, yuko hai mpaka leo.

Hakuna daktari aliyetuambia kwamba ni zile dakika ishirini. Huenda si hizo. Lakini ule muda wa kungojea gari haukuwa mikononi mwetu. Zile dakika ishirini za mlangoni zilikuwa zetu wenyewe. Ndiyo maana nilipoanza kazi hii nikataka kujua: wale watu wa ambulensi walikuwa wanafanya nini usiku ule, na kwa nini?

KWA NINI ALIULIZA HABARI ZA KIKOHOZI?

Siku za kawaida, mhudumu wa ambulensi anaingia garini na kuondoka. Wakati wa korona mambo yaligeuka. Anayepokea simu alilazimika kujua kama nyumba ile ina dalili za ugonjwa, ili wenzake wajue wajikinge namna gani. Mavazi yale huvaliwa kwa mpangilio. Kuyavua ndiko kwenye hatari zaidi, kwa sababu uchafu uko nje ya nguo, na ukijigusa uso umekwisha. Kisha mgonjwa akishashushwa, kitanda, vishikio, vifaa, vyote vinafutwa kwa dawa, na milango inaachwa wazi hewa ipite.

Sasa piga hesabu. Safari ile ile inakula muda mwingi zaidi. Magari hayajaongezeka. Wahudumu wengine wenyewe wanaugua, na simu zinazidi. Yule msichana niliyemfokea hakuwa akinichelewesha. Alikuwa akiwalinda wenzake wawili ili kesho wawepo wa kumbeba mtu mwingine.

HATA MATAJIRI WALIZIDIWA

Msidhani ni sisi tu. Mji wa New York, Marekani, kwa kawaida hupokea kama simu 4,000 za ambulensi kwa siku. Mwisho wa Machi 2020 zilipita 6,000. Tena kati ya tarehe 1 Machi na 25 Aprili mwaka huo, wahudumu wa mji huo walijaribu kuwafufua watu 3,989 ambao moyo ulisimama wakiwa nje ya hospitali. Kipindi kama hicho mwaka 2019 walikuwa 1,336. Yaani karibu mara tatu! Kule kaskazini mwa Italia, katika mikoa ya Lodi, Cremona, Pavia na Mantova, watu wa namna hiyo waliongezeka kwa asilimia 58 katika siku 40 za kwanza za mlipuko.

Baadhi yao walikuwa na korona, lakini si wote. Wapo walioumwa kifua wakakaa kimya nyumbani kwa kuiogopa hospitali. Kwa hiyo woga nao uliua, na woga hauna chanjo.

Walifanya nini? London, wazima moto walijitolea kuendesha ambulensi, ili wahudumu wenye ujuzi wa tiba wapate nafasi ya kumshughulikia mgonjwa. Mahali pengi simu zilichujwa: huyu anahitaji gari sasa hivi, huyu anahitaji ushauri wa daktari kwa simu, huyu anahitaji usafiri tu. Likumbukeni hili la tatu, maana ndilo lililofanya kazi hapa kwetu.

DAKTARI WA NAIROBI NA TEKSI

Nairobi kulikuwa na daktari kijana wa wanawake na uzazi, Dkt. Jemimah Kariuki, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Kafyu ilipoanza aliona kina mama wanaofika usiku wamepungua. Je, kina mama wameacha kuzaa usiku? Hapana! Walikuwa wamekwama majumbani kama mamangu mdogo, na wengine walifika hali imeshaharibika.

Mwezi Aprili 2020 akaomba msaada kwenye mtandao, watu wakaitikia, na mpango wa Wheels for Life ukazaliwa. Mama alipiga simu bila malipo. Mtaalamu wa afya akamsikiliza. Kama hali ni ya hatari, akatumiwa ambulensi. Kama ni uchungu wa kawaida, akatumiwa teksi yenye ruhusa ya kupita wakati wa kafyu. Basi. Hakuna mtambo mpya uliobuniwa pale. Waliotenganisha ni wagonjwa wanaohitaji ambulensi na wagonjwa wanaohitaji gari tu.

Ndugu zetu wa Tanzania wana mpango wa namna hiyo unaoitwa m-mama, uliokuwepo hata kabla ya korona na ukaanza kuenezwa nchi nzima mwaka 2022. Mama mjamzito au aliyejifungua akipata tatizo, inapigwa namba 115. Ambulensi ikikosekana, anaitwa dereva wa kijijini aliyeandikishwa, na malipo yake yanatumwa kwa simu. Mwenye gari la kawaida amekuwa sehemu ya huduma ya dharura.

SIERRA LEONE: WALIOOGOPA DAWA YA KLORINI

Sasa turudi kwa nyanya yangu. Msimcheke. Mwaka 2014 Ebola iliingia Sierra Leone, na mpaka mlipuko ule wa Afrika Magharibi ulipokwisha mwaka 2016, zaidi ya watu 11,000 walikuwa wamekufa, wengi wao katika nchi tatu: Guinea, Liberia na Sierra Leone. Ambulensi zilinyunyizwa klorini kuua virusi. Watu waliona jirani anaingizwa kwenye gari lenye harufu kali, kisha harudi. Ukazuka uvumi kwamba ile klorini ndiyo inayoua. Wengine wakawaficha wagonjwa wao, na ugonjwa ukazidi kuenea nyumba kwa nyumba.

Watu wa afya nao wakajifunza. Timu za mazishi, kwa mfano, zilielekezwa zifike bila kuvaa yale mavazi, zisalimie, zitoe pole, zieleze zitakachofanya, ndipo zivae. Jambo dogo, lakini mtu akishauona uso wako, hawezi tena kukuita jini. Na baada ya Ebola nchi ile haikulala. Oktoba 2018 ilianzisha huduma ya taifa ya ambulensi, bure kwa mwananchi, yenye magari kama 80. Korona ilipokuja mwaka 2020, huduma ilikuwa tayari iko barabarani.

SASA WEWE UFANYE NINI?

Janga jingine litakuja, hatujui lini. Lakini hata leo usiku mtu anaweza kuzidiwa nyumbani kwenu. Kwa hiyo:

1. Jua namba. Kenya ni 999 au 112. Uliza pia namba ya ambulensi ya kaunti yenu, uiandike ukutani, si kwenye simu tu. Simu huisha chaji.

2. Jibu maswali yote, na usikate simu mpaka uambiwe. Usifoke kama mimi.

3. Eleza mahali kwa alama: msikiti, kanisa, duka, mti mkubwa. Mtume mtu barabarani na tochi alipokee gari.

4. Mtu akianguka, haamki na hapumui kawaida, bonyeza katikati ya kifua chake kwa nguvu, mikono miwili, kina cha sentimita tano hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kukiwa na ugonjwa wa kuambukiza kwa hewa, mfunike mdomo na pua kwa kitambaa, usimpulizie mdomoni. Usiache mpaka msaada ufike.

5. Waambie watu wa nyumbani mapema, kabla hakujawa na mgonjwa, kwamba mavazi meupe si ya kumtisha mtu. Uliza anapelekwa hospitali gani, na nani anaweza kumfuata. Hiyo ni haki yenu.

6. Usimtenge mhudumu wa afya wala watoto wake. Wakati wa korona wapo waliofukuzwa na wenye nyumba. Ukimfukuza leo, kesho utampigia nani?

Nyanya yangu naye alikuja kujua. Mwaka juzi jirani yetu aliumwa usiku, ambulensi ikaitwa, nikamwona nyanya mwenyewe ametoka na taa, anawasogeza watu: "Pisheni njia! Pisheni!" Hakusema kitu kuhusu mwaka 2020, nami sikumuuliza.

Sasa nangoja maswali, na yule wa huko nyuma aanze.

JADILINI DARASANI

– Nyumbani kwenu, nani ana sauti ya mwisho mgonjwa anapotakiwa kupelekwa hospitali usiku? Mtazungumza naye vipi kabla ya siku hiyo kufika?

– Mtaani kwenu nani ana gari, tuktuk au bodaboda na angekubali kusaidia usiku? Mmeshawahi kumuuliza?