Kamera Katika Mji Uliotekwa
(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa nizungumze juu ya kazi yangu ya kupiga picha. Kamera zangu nitaziacha kando. Nataka twende China, katika mji wa Guangzhou, ambao Waingereza waliuita Canton, kwa kuwa huko kuna funzo kwa kila asomaye historia.

Mwishoni mwa Desemba 1857 majeshi ya Uingereza na Ufaransa yaliupiga mji huo kwa mizinga, yakauteka. Gavana Mkuu, Ye Mingchen, alikamatwa Januari 1858, akapelekwa Calcutta, na huko akafa mwaka 1859. Mji ukakaliwa na majeshi ya kigeni hadi Oktoba 1861. Gavana wa serikali ya China aliachwa kitini, lakini juu yake waliwekwa makamishna wa kigeni, na mmoja wao alikuwa Harry Parkes.

Parkes huyu aliwahi kuona kamera na bunduki zikiingia China kwa safari moja. Mwaka 1842, katika Vita vya kwanza vya Afyuni, alikuwa kijana wa miaka 14 akifuatana na manowari za Uingereza katika mto Yangzi. Aliandika katika shajara yake kwamba Meja Malcolm na Dakta Woosnam walijaribu kupiga picha huko. Ufundi huo ulikuwa umetangazwa Paris miaka mitatu tu kabla yake, 1839. Kufikia 1856, wahandisi wa jeshi la Uingereza walikwisha anza kufundishwa upigaji picha.

Aprili 1860 akafika Canton Felice Beato. Hakuwa askari, lakini alifuatana na jeshi, na alikwisha piga picha za vita Crimea na India. Kazi yake haikuwa rahisi. Alikipaka kioo dawa ya kolodioni, akakitia katika maji ya naitreti ya fedha, akapiga picha kioo kikiwa bado kibichi, kisha akakimbilia gizani kukisafisha kabla hakijakauka. Ilibidi chumba cha giza kiwe karibu naye kila alipokwenda.

Alipiga picha za mahekalu, minara, mitaa, na msikiti wa kale wa mji huo. Katika nyingi za picha hizo hamuoni watu. Msidhani mji ulikuwa mtupu! Kioo kilihitaji kukaa wazi kwa sekunde kadhaa, na mtu anayetembea hakuacha alama. Mchuuzi, mpagazi na mama aliyekuwa akienda sokoni walipita mbele ya kamera wakatoweka. Majengo yakabaki.

Mwaka huo huo Beato alikwenda na jeshi kaskazini. Ngome ya Taku ilipotekwa tarehe 21 Agosti, alipiga picha za Wachina waliouawa. Daktari wa jeshi, D. F. Rennie, aliandika kwamba Beato aliomba maiti wasiondolewe mpaka amalize kuwapiga. Picha hizo ziliuzwa kwa maofisa, na baadaye London.

Je, tuzitupe? La, hasha. Kuta za Canton zilibomolewa katika karne ya 20, na picha hizi ni miongoni mwa mashahidi wachache wa sura yake ya zamani. Lakini shahidi huhojiwa. Kamera ya Beato ilisimama pale ambapo jeshi lilikwisha pita. Aliyeuchagua upande wa kutazama alikuwa mgeni, na mnunuzi alikuwa mshindi. Mwenye mji hakuulizwa.

Wadogo zangu, vitabu vyenu navyo vina picha nyingi za namna hiyo. Mwalimu akiwaonyesha moja, msiishie kutazama kilichomo. Ulizeni ni nani aliyeishika kamera, alifikaje hapo, na ni nani aliyepita mbele yake asionekane. Ukiuliza hivyo, picha ya mshindi itaanza kukueleza habari za aliyeshindwa pia.